Kisima cha Wenlow

Akiru amerudi Isiolo. Baada ya miaka mingi ya kupika katika mahoteli ya Naivasha na Mombasa amefunga mizigo yake, amejenga nyumba ya mawe nyuma ya kanisa, na Ijumaa iliyopita alinijia hapa mtaani kwangu Bulla Pesa akitembea pole pole kwa sababu ya magoti, shanga zake za Kiturkana zikiwa juu ya sweta. Nilimwekea chai ya maziwa ya ngamia na sahani ya nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukaangwa vipande vidogo vidogo, ambayo aliipenda tangu tukiwa wasichana. Aliinusa, akafumba macho, kisha akaanza kucheka peke yake mpaka chai ikamwagikia mapajani. Nikamwuliza anacheka nini. "Nimekumbuka kabichi ya Mama Dobson," akasema, akijifuta machozi. "Talaso, wajukuu yangu hawaamini. Nawaambia mimi nimepika skonzi ndani ya ngome ya Uingereza, na wewe umeambia Wazungu historia yao wenyewe mpaka wakanyamaza kimya. Wananiambia, shosho, wacha hekaya. Andika hii maneno. Mikono yangu inatetemeka, na hata hivyo wewe ndio ulikuwa wa kuongea." Basi naandika, na kwa kuwa Akiru anasoma polepole na hakuna kosa linalompita, sitathubutu kuongeza chumvi.

Miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kuisha. Sisi wawili tulikuwa watumishi wa hoteli ya watalii kando ya mto Ewaso Nyiro, ng'ambo ya kizuizi cha polisi cha kutokea mjini kwenda kaskazini. Mimi nilitandika vitanda. Akiru aliosha sufuria. Wageni walikuwa wameanza kuja kwa wingi, na wenye hoteli wakaamua kuwapeleka watumishi wawili Uingereza kwa mwaka mmoja, mmoja ajifunze upishi na mwingine ajifunze kazi ya kuongoza wageni. Wakati ule waongoza wageni wote niliowajua walikuwa wanaume. Meneja wetu, Bwana Mutuma, Mmeru asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini akaniambia kwamba amenichagua mimi kwa sababu mara tatu amenikuta kwenye varanda nikiwasimulia wageni habari za milima ya Samburu huku mashuka yakinisubiri. Nilidhani ananifukuza kazi. "Nenda ujifunze kufanya hivyo vizuri," akasema. "Ukifaulu, utaongoza wageni. Ukishindwa, vitanda bado viko." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyopanda nayo ndege.

Tulipanga chumba kwa mjane mmoja, Mama Dobson, katika mji mdogo uliozungukwa na vilima vya kijani. Chumba chetu kilikuwa chini ya paa lenyewe, dari imeinama hivi kwamba Akiru, aliye mrefu kama Waturkana wengi, aligonga kichwa kila alfajiri kwa majuma ya kwanza na kila alfajiri akalitukana paa kwa lugha yake. Kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, karatasi ya maua ukutani iliyobanduka pembeni, na dirisha lililotazama makaburi ya kanisa na kondoo wakila nyasi katikati ya mawe ya wafu. Baridi ile sitaieleza. Mtu wa Isiolo aliyezoea vumbi na jua hawezi kuaminiwa akiisimulia. Tulilala na makoti. Chini, jikoni, Mama Dobson alituchemshia kabichi mpaka ikapoteza rangi, akatuwekea kila asubuhi vipande vya nyama ya nguruwe. Mimi sikula, Akiru alikula yangu na yake. Siku ya nne tulimsikia kupitia ukuta akimwambia jirani yake, "Yule mwembamba anadharau chakula changu." Nilishuka nikamweleza kwamba ni dini, si dharau. Akafuta mikono, akasema, "Ungeniambia siku ya kwanza, mtoto." Tangu siku hiyo nilipata mayai, samaki, na Jumapili nyama ya kondoo ambayo yeye aliiita ya kondoo na sisi, kwa jinsi ilivyokuwa laini, tuliiita ya ndoto.

Kila Jumatano basi la chuo tulichosomea lilituchukua kwenda kutazama majumba ya kale na bustani zake, kwa maana huko ndiko watalii wa kule wanakokwenda, kama wa kwetu wanavyokwenda kutazama ndovu. Nakumbuka bustani moja yenye kuta ndefu za matofali ambamo miti ya matunda ilikuwa imefungwa ukutani, matawi yake yamenyooshwa huku na huku kama mtu anayepekuliwa na polisi. Nakumbuka jumba la madirisha mengi kuliko nyumba zote za Bulla Pesa, na ndani yake meza ya chakula ndefu iliyotandikwa sahani na vijiko, na kamba nyekundu mbele yake ili mtu asikae. Akiru akauliza wenye chakula wanakuja saa ngapi, nikamwambia walikufa zamani. Nakumbuka nyasi. Tulisimama mwanzoni mwa uwanja uliokatwa sawasawa mpaka ukafanana na zulia la msikiti, unateremka mpaka kwenye ziwa, na hakuna kitu juu yake ila tausi wawili. Akiru alinishika mkono. "Nyasi yote hii," akasema, "na hakuna hata mbuzi moja!" Mwaka ule kwetu mvua ilikuwa imechelewa. Hatukucheka siku ile. Leo ndipo tunapocheka. Kulikuwa na mahali pengine pa michongoma mirefu iliyopandwa makusudi ili watu wapotee ndani yake, na tulipotea kweli, tukawasikia watoto wa Kizungu wakilia upande wa pili, mpaka Akiru akanibeba mabegani nikachungulia juu nikawaelekeza wote njia ya kutokea, sisi na wale watoto na baba yao mmoja aliyekuwa amevua kofia kwa jasho. Walitoka nyuma yangu wamepanga mstari. Nikifikiri sasa, hilo ndilo lilikuwa kundi langu la kwanza.

Majira ya baridi yalipopita tulipelekwa kazini kwenye ngome ya Wenlow. Ilikuwa juu ya kilima, nusu imebomoka na nusu nzima, na handaki la zamani lililoizunguka limegeuzwa bustani ya waridi. Akiru aliwekwa kwenye mkahawa uliokuwa katika zizi la kale la farasi, akajifunza kuoka skonzi zinazopanda juu kama vichuguu. Mimi niliwekwa chini ya Bwana Tully, mzee mwenye masharubu meupe aliyeongoza wageni pale tangu atoke vitani, na ambaye mguu wake mmoja haukukunjika. Alinipa hotuba yote ya ngome: nani alijenga ukuta gani, nani alioa nani, mizinga ilipigwa kutoka upande upi. Niliimeza yote. Niliirudia nikioga, nikitembea, nikila kabichi. Na nilipopewa wageni wachache wa majaribio niliisema bila kukosa neno, na wageni walipiga miayo, wakaangalia saa, wakanitoroka mmoja mmoja kupitia milango ya pembeni mpaka nikafika mnarani na mume na mke tu, nao walibaki kwa sababu mke alikuwa anatafuta mahali pa kukaa. Bwana Tully hakunigombeza. "Maneno yote ni sahihi, Miss Talaso," akasema. "Lakini unayasema kama mtu anayesoma bei za duka."

Mkuu wa pale alikuwa Bi Crossley, mwanamke wa viatu vya kelele na shingo iliyonyooka. Ndiye angetazama jaribio langu la mwisho na kutia sahihi au kukataa. Siku moja nilikuwa nimeingia chumba cha nyuma cha mkahawa kumsaidia Akiru kupanga vikombe, mlango uko wazi kidogo, nikasikia sauti ya Bi Crossley upande wa pili akizungumza na Bwana Tully. "Ni msichana mwema," alikuwa anasema, "lakini Edwin, hebu fikiri. Watu wanatoka mbali kuja kusikia habari za babu zao. Watataka kuzisikia kutoka kwa mtu ambaye hao ni babu zake pia. Haitakuwa haki kwao, na si haki kwake." Bwana Tully alijibu kitu ambacho hatukukisikia. "Basi jaribio lake liwe mwezi wa nane kama ilivyopangwa," akasema Bi Crossley, "lakini usimtie moyo bure." Kijiko kiliniponyoka mkononi. Akiru alikiokota, akakipangusa kwenye aproni, akaniangalia kwa macho yale makali aliyozaliwa nayo. "Babu zake," akasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti. "Sasa wale watalii wanakuja kwetu kuangalia twiga, twiga ni babu yao?" Nilicheka nikilia. Jioni ile nilikaa kitandani nikawaza habari ya vitanda vya hoteli, mashuka yake meupe, jinsi ya kuyakunja pembe. Nilikuwa najua kuyakunja vizuri sana.

Mwezi wa nane mwaka ule ulikuta Ramadhani. Mtu aliyefunga Isiolo anajua saumu ni nini, lakini jua la kule wakati wa kiangazi halina haraka hata kidogo. Linachomoza watu wamelala na linakaa angani kama mgeni asiyejua kuaga. Bwana Tully aliposikia nimefunga alitaka kuomba jaribio lisogezwe mbele. Nilikataa. Nilimwambia nikisogeza leo, Bi Crossley atakuwa na sababu mbili badala ya moja. Akakuna masharubu yake. "Basi nitakupa ushauri mmoja, nao si wa hotuba," akasema. "Sehemu moja tu ya ngome hii, waambie kitu unachokijua wewe."

Siku yenyewe ilikuwa ya joto, joto ambalo Waingereza wanalitangaza kwenye redio na sisi tunaliita asubuhi. Kundi nililopewa lilikuwa basi zima la wazee kutoka mji wa viwanda huko kaskazini kwao, wanawake wenye mikoba mikubwa na wanaume waliovaa suti nzito. Mzee mmoja mnene aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akauliza kwa sauti mwongozaji atakuja saa ngapi. Wenzake wakaona haya, yeye hakuona. Bi Crossley alikuwa amesimama chini ya tao la lango, mikono nyuma. Nilianza na hotuba. Lango, ukuta, ukumbi. Wazee walinifuata kwa adabu, na niliona miayo ya kwanza tulipofika kwenye ngazi. Kisha tukatoka uani, penye kisima.

Kisima cha Wenlow ndicho kilichoiangusha ngome. Zamani, Waingereza walipokuwa wakiuana wao kwa wao, wengine upande wa mfalme na wengine upande wa bunge, jeshi lilikuja likaizingira, na waliokuwa ndani walikuwa na unga na nyama ya chumvi ya kutosha, lakini kiangazi kile kisima kilikauka. Katika hotuba hayo yalikuwa maneno machache tu. Nilisimama kando ya mawe yake, nikafungua mdomo kuyasema, na ulimi wangu ukagoma. Ulikuwa umekauka kama ngozi iliyoanikwa. Nikaona Bi Crossley anainua kichwa. Nikaona mzee mnene anamnong'oneza jirani yake. Na hapo, sijui ni ujasiri au ni kukata tamaa, niliiacha hotuba ya Bwana Tully iende zake.

"Mnisamehe," nikawaambia. "Sijanywa maji tangu kabla ya alfajiri. Huu ni mwezi wetu wa kufunga. Lakini leo kiu hii inanisaidia, kwa sababu nataka kuwaambia habari za kiu." Nikawaambia ninatoka mahali ambapo watu hupima utajiri kwa maji. Nikawaambia visima vya Waborana ni virefu hata wanaume husimama ndani yake ngazi kwa ngazi, mmoja juu ya kichwa cha mwingine, wakipitishiana ndoo kwa wimbo, na kwamba mama zetu wakiwa mbali hujua hali ya kisima kwa kusikiliza ule wimbo, kwa kuwa maji yakianza kupungua, sauti ndiyo inayokatika kwanza. "Hapa pia palikuwa na sauti," nikasema. "Kamba ikilia, ndoo ikipiga maji. Halafu asubuhi moja mtumishi aliteremsha ndoo ikagonga mawe. Hebu fikirini alivyosimama hapa niliposimama mimi, akijua yeye peke yake katika ngome nzima. Siku ya kwanza hakuna anayesema. Siku zinazofuata farasi wanalamba kuta. Kisha maji yanagawanywa kwa kijiko, na hapo kila mtu anajua nani anapendwa na nani hapendwi. Nyama ya chumvi iko, lakini nani ataila? Wanaume wanasema tupigane mpaka mwisho. Wanaume husema hivyo. Lakini bibi mwenye ngome alikuwa na watoto, na mtoto mwenye kiu halii kwa machozi, analia makavu. Mimi nimemsikia mtoto akilia hivyo. Bibi akachukua ufunguo, akapita katikati ya askari wake, akafungua lango lile kwa mkono wake. Vitabu vinasema alishindwa. Mimi sisemi hivyo. Mimi nasema watoto wake walikunywa."

Hakuna aliyesogea. Nikasikia nyuki katika waridi za handakini. Bibi mmoja mwenye mkoba mwekundu aliokota kokoto, akaiachia ndani ya kisima, na wote tukainama kusikiliza. Ilichukua muda, kisha ikagonga mawe, kavu. Yule mzee mnene akavua kofia. "Nilikuwa jangwani wakati wa vita," akasema, si kwangu bali kwa wenzake, "na huyu binti anasema kweli tupu." Kisha akanigeukia mimi. "Endelea, mama. Ilikuwaje baadaye?" Na baadaye ilikuwa rahisi. Hotuba yote ilirudi, lakini sasa ilikuwa na watu ndani yake: aliyeoa, aliyefiwa, aliyejenga mnara kwa kiburi. Hawakuniachia nafasi ya kupumua kwa maswali. Tulipanda mnarani wote, wenye magoti na wasio na magoti, na hakuna hata mmoja aliyepita mlango wa pembeni. Tulipomaliza walipiga makofi pale uani, kisha wakagombania nani aninunulie chai, mpaka bibi wa mkoba mwekundu akawakemea: "Nyinyi hamkusikia? Amefunga!"

Bi Crossley alinijia viatu vyake vikilia juu ya mawe. Nilisimama wima. Alikuwa mwekundu usoni, na sikujua ni jua au ni nini. "Nimefanya kazi hapa muda mrefu," akasema, "na sijawahi kumwonea huruma yule bibi mpaka leo." Akarekebisha kola yake. "Nilisema neno juu yako ambalo halikuwa sawa. Kesho kuna mabasi mengine. Nitafurahi ukiyachukua." Akanipa mkono. Sikumwambia kwamba neno lile nililisikia. Mkono wake ulikuwa umenishika kwa nguvu ya kutosha. Nyuma yake, mlangoni mwa mkahawa, Akiru alikuwa amesikia, akapiga kigelegele kimoja cha Kiturkana kilichowarusha njiwa wote wa Wenlow juani.

Jioni tulikaa bustanini kwa Mama Dobson kungoja jua. Mwenyewe alikuwa amefunga mchana ule pamoja nami, kwa ukaidi tu, ingawa Akiru aliapa kwamba alimwona akionja mchuzi. Meza ilikuwa na tende ambazo Mama Dobson alikuwa amezitafuta mji mzima, supu ya kondoo, skonzi za Akiru, na katikati jagi la maji baridi lililotoa jasho. Mama Dobson alishika saa mkononi kama mwamuzi wa mpira. "Bado... bado... sasa!" akapiga kelele, na nikanywa. Nimekunywa maji mengi maishani, mengine baada ya safari ndefu za nyikani kwetu Kulamawe katika kiangazi kibaya, lakini yale yalikuwa na ladha ya kitu ambacho mpaka leo sijui kukitaja ila kwa kusema nilikuwa nimeshinda.

Majira yote yaliyobaki niliongoza mabasi. Watu walifika langoni wakiuliza kama yuko yule binti wa kisima. Nilipata cheti chenye alama ya juu, Akiru akapata chake, na wiki ya mwisho Bi Crossley alinikalisha ofisini kwake akanipa chai katika kikombe chembamba akaniomba nibaki mwaka mwingine, kwa mshahara. Nilimshukuru kwa moyo. Nilimwambia kwamba kwetu pia kuna wageni wanaotoka mbali, wanapita katikati ya nchi yetu wakitazama wanyama dirishani, na hakuna anayewaambia ni nani anaishi pale na maji yanatoka wapi. Alielewa haraka kuliko nilivyotarajia. Alinisindikiza mpaka langoni, akaniambia nimtunzie hadithi ya yule bibi wa ngome popote niendapo.

Tuliporudi Isiolo, siku yangu ya kwanza ya kuongoza wageni Bwana Mutuma hakutoa hotuba. Alinipa beji ya hoteli na kuniambia gari liko tayari. Tuliwachukua wageni mjini, na kwenye kizuizi cha polisi askari alikagua gari, akamwuliza dereva mwongoza wageni yuko wapi, na dereva, mzee wa Kisomali aliyenijua nikiwa natandika vitanda, akanionyesha kwa kidevu. "Ni huyu binti," akasema, "na ukiwa na nafasi panda umsikilize." Askari akainua mti wa kizuizi. Mbele yetu barabara ya vumbi ilinyooka kuelekea kaskazini, milima ikiwa ya buluu. Nilishika chuma cha kiti, nikawageukia wageni wangu. Wengi walikuwa Waingereza. Mama mmoja wa kiti cha mbele, mwenye uso wa upole, aliniuliza kama nimewahi kufika kwao.

"Nimefika," nikamwambia. "Niliwatembeza watu wenu katika ngome yao. Leo karibuni, niwatembeze kwetu."